Walt Disney na siku ya posho ya watoto

Kila mutoto wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua ile panya yenye masikio mbili ya mviringo. Iko ku masakoshi ya masomo, ku mashuka, ku nguo za soko, ku ukuta wa masomo ya watoto wadogo. Lakini jina ya mutu mwenye aliileta, Walt Disney, wengi wetu tunazania ni jina ya kampani tu, sawa vile jina ya sabuni. Kumbe alikuwa mutu wa nyama na mifupa. Alizaliwa mutoto wa fundi wa mbao, alifanya kazi mbele ya kuota ndevu, alifilisika, aligombana na wafanyakazi wake, na alikufa mu mwaka wa 1966. Leo tunapenda kueleza maisha yake kwa upande moja: namna gani alifika kujenga parki ya michezo, kwenye baba na mama wanaingia pamoja na watoto wao wadogo na wote wanacheza. Sisi watu wa sendika tuko na sababu yetu ya kumuangalia huyu bwana, juu nyuma ya ile furaha ya watoto kulikuwa wafanyakazi, na wao vilevile walikuwa wazazi.

Mutoto wa kuamuka saa tisa ya usiku

Walt alizaliwa ku Chicago, Marekani, tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias Disney, alikuwa fundi wa mbao. Mu 1893 alikuwa mumoja wa wafanyakazi wenye walijenga ile maonyesho kubwa ya dunia ku Chicago, kazi ya nyundo na misumari. Mama yake alikuwa Flora. Watoto walikuwa watano: wavulana wane, na binti mumoja, Ruth, mwenye alikuwa kitinda-mimba. Walt alikuwa wa ine.

Mu 1906 jamaa ilihamia ku Marceline, muji mudogo wa jimbo la Missouri, kulima shamba. Pale Walt alijua nguruwe, miti ya matunda, na treni yenye ilikuwa inapita karibu. Mujomba wake mumoja alikuwa mwendeshaji wa treni, na mutoto alipenda reli mpaka siku ya kufa. Pale vilevile alianza kuchora. Siku moja yeye na Ruth walichora ku ukuta wa nyumba na lami, na ile lami haikutoka tena.

Elias alikuwa musosialisti. Alikuwa anaunga mukono Eugene Debs, yule kiongozi mukubwa wa sendika ya wafanyakazi wa reli. Alikuwa anaongea juu ya haki ya mulimaji na mufanyakazi. Lakini mu nyumba alikuwa baba mukali, mwenye fimbo karibu, mwenye kuona muchezo kuwa kupoteza wakati. Shamba halikumuendea vizuri, ugonjwa ulimuangusha, akauza vyote. Mu 1911 walifika ku Kansas City, na Elias alinunua haki ya kupeleka magazeti mu mitaa fulani ya muji. Watumishi wake wa kwanza walikuwa Roy na Walt, watoto wake mwenyewe. Walt alikuwa na miaka tisa.

Miaka sita karibu, Walt aliamuka saa tisa na nusu ya usiku. Mvua, baridi, teluji ya kufika ku magoti, gazeti lilipashwa kufika ku kila mulango. Kisha kazi alienda ku masomo, na kule alikuwa anasinzia ku meza. Mushaara? Baba alisema kwamba chakula na nguo ni mushaara tosha. Mara zingine, saa ile ya giza, mutoto alikuwa anakuta ku baraza ya nyumba za watajiri michezo yenye watoto wa pale waliacha inje: treni ndogo, magari madogo. Alikuwa anaikaa chini, anacheza kidogo peke yake, anarudisha kila kitu pa fasi yake, anachukua gazeti zake na anaendelea. Hata alipokuwa mutu muzima na tajiri, aliendelea kuota usiku kwamba amesahau kupeleka gazeti kwa mutu fulani.

Kansas City ilikuwa pia na parki ya michezo yenye kuitwa Electric Park: mataa mingi sana usiku, fataki, na treni ndogo ya kuzunguka. Walt aliiona akiwa mutoto. Tuweke hii mambo mu akili, tutairudilia.

Dola makumi ine

Mu 1918 vita ya kwanza ya dunia ilikuwa karibu kwisha. Walt alikuwa na miaka 16, alidanganya mwaka wa kuzaliwa ku karatasi, na Msalaba Mwekundu ulimukubali. Alifika Ufaransa wakati bunduki zilikuwa zimenyamaza. Huko aliendesha ambulansi na kamyo, na alichora picha ku turubai ya gari lake. Alirudi Marekani mu 1919 na wazo moja tu mu kichwa: kuchora kwa kulipwa.

Alirudi Kansas City, akakutana na kijana mwengine muchoraji, Ub Iwerks, fundi wa kweli. Walianza kufanya filimu za katuni, ile watoto wetu wanaita desani anime. Ni kazi ya uvumilivu: unachora picha moja, kisha ingine yenye kubadilika kidogo, kisha ingine, mpaka makumi na mamia, na wakati unazipitisha mbiombio ku sinema, mukono unatembea na jicho linafunguka. Kampani yake ya kwanza, Laugh-O-Gram, ilianza mu 1922 na ilifilisika mu 1923. Walt alipanda treni kwenda Hollywood na dola makumi ine mu mufuko. Pale, tarehe 16 Oktoba 1923, yeye na kaka yake Roy walifungua studio. Walt alikuwa mutu wa mawazo, Roy mutu wa hesabu. Mu 1925 Walt alioa Lillian Bounds, binti mwenye alikuwa anafanya kazi mu ile studio.

Mu 1928 alinyanganywa katuni yake ya sungura, Oswald, juu karatasi za haki zilikuwa mu mukono wa mutu mwengine. Wachoraji wake wengi walihama pia. Iwerks alibaki. Wawili hawa njo walitosha Mickey, na tarehe 18 Novemba 1928 watu wa New York walimuona mu filimu Steamboat Willie, panya ku usukani wa mashua, na sauti na muziki zinaenda pamoja na picha. Mu Desemba 1937 kulikuja filimu ndefu ya Snow White, ile Wafaransa wanaita Blanche-Neige. Watu walizania hakuna mutu atakaa saa nzima na zaidi kuangalia katuni. Walikaa, walicheka, walilia. Feza iliingia mingi.

Na hiyo feza Walt na Roy walinunulia wazazi wao nyumba. Mu Novemba 1938 masini ya kupasha moto mu ile nyumba ilitosha hewa mubaya, na mama Flora alikufa. Walt hakupendaka kuongea ile habari mpaka mwisho.

Mugomo wa 1941

Hapa tufike ku sehemu yenye vitabu vya watoto haviandikaka.

Kisha Snow White, studio mupya kubwa ilijengwa ku Burbank. Wafanyakazi walikuwa sasa elfu moja na zaidi. Mbele, mu nyumba ndogo, kila mutu alikuwa anamuita patro jina lake tu, Walt, na anamuonyesha kazi yake uso kwa uso. Mu nyumba kubwa ile ilipungua. Wakubwa wa kuchora walikuwa wanapata dola 200 na zaidi kwa wiki. Wadogo, zaidi wanawake wenye kupiga wino na rangi, wengine hawakufikisha dola 20. Kisha vita ilianza Ulaya mu 1939, soko la kule lilifungwa, na filimu mbili za 1940, Pinocchio na Fantasia, hazikurudisha garama. Madeni yalipanda. Watu walianza kuogopa kufukuzwa. Wengi walikuwa wamefanya kazi ya usiku na Jumamosi juu ya Snow White, na walikuwa wanangojea zawadi yenye waliahidiwa.

Walienda mu sendika ya wachoraji wa katuni. Walt hakuelewa. Kwake, studio ilikuwa jamaa, na yeye baba. Tunajua ile luga, tunaisikia huku kwetu: tuko jamaa moja, sendika ya nini? Mu mwezi wa tano wa 1941 alimufukuza Art Babbitt pamoja na wengine wa sendika. Babbitt hakuwa mutu mudogo. Yeye njo alikuwa amechora ile malkia mubaya wa Snow White, na alikuwa analipwa vizuri kabisa. Angenyamaza, hakuna kitu angepoteza. Alisimama juu ya wale wadogo. Tarehe 29 Mei 1941 mamia ya wafanyakazi walikaa inje ya mulango wa studio na bango zao, zenye kuchorwa vizuri sana, juu walikuwa wachoraji.

Mugomo ulipitisha wiki mingi. Serikali ya Marekani ilituma mupatanishi, Walt mwenyewe akatumwa safari ya Amerika ya Kusini mu Agosti, na wakati hakuweko, kampani ilipashwa kukubali sendika na kutia mukono ku mapatano. Mishaara ya wadogo ilipanda. Baba yake Elias, yule musosialisti, alikufa mu Septemba, Walt akiwa bado mu safari. Mwezi wa kumi filimu Dumbo ilitoka, na ndani yake kuna watu wa kuchekesha wenye wanaenda kuomba patro mushaara iongezeke. Wagomaji waliona kwamba wanachekelewa wao.

Ile mwaka, ile ile, kwetu Katanga, wafanyakazi weusi wa Union Minière vilevile waligoma. Bei ya vitu ilikuwa imepanda juu ya vita, na mushaara ilibaki pale. Kwetu hakuna mupatanishi alikuja. Tarehe 9 Desemba 1941, mu kiwanja cha mupira cha Elisabethville, asikari walipiga bunduki, na wengi walikufa, mumoja wao Léonard Mpoyi mwenye alikuwa anaongea kwa jina la wengine. Hatulinganishi maumivu. Tunakumbusha tu kwamba ile mwaka moja, ku Hollywood na ku Elisabethville, mufanyakazi alikuwa anaomba kitu kimoja: mushaara ya kulisha nyumba. Fasi alizaliwa njo ilikata kama atapata karatasi ao risasi.

Walt hakusamehe. Tarehe 24 Oktoba 1947 alienda mbele ya kamati ya bunge ya Marekani na alisema kwamba mugomo ulikuwa kazi ya wakomunisti, na alitaja watu kwa majina. Wakati ule, kutajwa vile kulikuwa kunafunga milango ya kazi. Mutu mwenye kuandika maisha yake bila kuandika hii anaficha nusu ya mutu.

Kiti ya baba

Kisha mugomo, studio haikumufurahisha tena sawa mbele. Alianza kukimbilia vitu vingine: treni ndogo yenye alijenga mu kiwanja cha nyumba yake, yenye mutu mukubwa anaweza kukalia, na watoto wake.

Walt na Lillian walikuwa na mabinti wawili: Diane, mwenye alizaliwa mu 1933, na Sharon, mwenye walimuchukua kama mutoto wao akiwa mudogo sana, mwishoni mwa 1936. Ku wiki Walt alikuwa mutu wa kazi mingi. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya mabinti. Kwetu, wazee wa kampani waliita Jumamosi siku ya posho, juu ile siku kampani ilikuwa inagawa unga na vyakula vya wiki, na watoto walijua kwamba baba atafika na kitu ku mukono. Kwa Walt ile siku njo ilikuwa posho ya watoto wake: wakati wa baba.

Alikuwa anawapeleka ku Griffith Park, bustani kubwa ya muji wa Los Angeles, kwenye kuko farasi za mbao zenye kuzunguka, ile tunaitaka maneji. Mabinti wanapanda, maneji inazunguka, muziki inalia. Na baba? Baba alikuwa anakaa ku kiti ya mbao, anakula karanga, anangojea. Aliangalia pembeni, akaona wazazi wengine wamekaa vilevile, wamechoka, wanashika viatu na makoti ya watoto. Pale njo wazo lilikuja: mbona hakuna fasi kwenye mutu mukubwa na mutoto wanacheza kitu kimoja pamoja?

Parki za michezo za wakati ule hazikuwa na sifa nzuri. Walevi, uchafu, watu wa kuibia wageni. Lillian alimuuliza kwa nini anataka kuingia mu ile biashara, juu zile parki ni chafu. Walt alijibu kwamba yake haitakuwa vile.

Kuko hesabu ingine yenye mutu anaweza kufanya, hata kama Walt mwenyewe hakuiandika. Mutoto mwenye alichezaka gizani na michezo ya wengine, saa kumi ya usiku, juu hakuna mutu mukubwa wa kucheza naye, alikuja kuwa mutu mwenye alitumia feza yake yote kujenga fasi kwenye baba anacheza na mutoto wake mchana.

Kujenga

Mu 1948 aliandika karatasi ya kwanza ya ile mawazo. Mu 1951 alitembelea Tivoli, bustani ya michezo ya Copenhagen, Denmark, akaandika vitu vingi: maua, mataa, viti, usafi. Muji wa Burbank ulimukatalia ruhusa. Mabenki hawakuelewa. Roy mwenyewe, mutu wa hesabu, aliogopa. Walt alikopa feza ku bima ya maisha yake na aliuza nyumba yake ya kupumuzikia. Kisha alifanya mapatano na televizio ya ABC: yeye atawapatia programu kila wiki, wao wataingiza feza na kusimamia mikopo. Vile njo Disneyland ilipata mufuko. Ilijengwa ku Anaheim, kusini ya Los Angeles, mu shamba la machungwa la hektari 65 karibu. Kazi ilianza mu Julai 1954 na ilifanywa mu mwaka moja tu, garama dola milioni 17.

Mutu mwenye amekwisha kutembea na watoto wadogo mu fasi ya watu wengi ataelewa namna alifikiri. Mulango wa kuingia ni moja tu, na ni moja ya kutoka. Ukuta wa udongo na reli vinazunguka parki yote, hivi mutoto mwenye kupotea anabaki ndani, na inje haionekane. Barabara ya kwanza, yenye kufanana na Marceline ya utoto wake, inaenda sawasawa mpaka ku ngome ya mita 23, yenye kuonekana kutoka mbali. Mutoto anaona ngome, anavuta mukono wa mama, hawapotee. Kutoka mbele ya ngome njia zinagawanyika, na zote zinarudi pale. Viti viko, kivuli kiko, vya kutupia takataka viko karibu karibu, watu wa kufagia wanapita siku yote. Ku maneji, alikataa farasi zenye kusimama tu. Aliomba zote ziwe zenye kuruka, hivi hakuna mutoto atalia juu mwenzake amepata farasi muzuri zaidi.

Kuko pia mashua za kutembea mu mutoni wa pori, na hapa Congo inaingia. Wachoraji walikuwa wameangalia filimu The African Queen, yenye sehemu ilipigwa mu Congo yetu mu 1951, ku upande wa Ponthierville, ile tunaita leo Ubundu. Walt alitaka kwanza wanyama wa kweli. Wenye kujua wanyama walimuambia kwamba mchana wanalala na wanajificha, watoto hawataona kitu. Basi walifanya kiboko na tembo za masini. Mashua moja ilipewa jina Congo Queen. Lakini ku pembeni ya ule mutoni waliweka pia sanamu za watu weusi wa kutisha, wenye kukata vichwa, hivi watoto wa wazungu wacheke na waogope. Zilibaki miaka mingi sana. Mu 2021 tu kampani ilitangaza kwamba inatosha zile picha. Mutoto wetu mwenye angepanda ile mashua mbele ya pale angejikuta yeye njo munyama wa pori.

Siku ya mulango kufunguliwa

Tarehe 17 Julai 1955, siku ya Mungu, parki ilifunguliwa kwa walioitwa. Walingojea watu elfu 11 ao 15. Walifika 28,000 karibu, juu wengi walikuwa na tikete za uongo. Joto ilikuwa kali, lami mupya ililainika na viatu vya wanawake vikazama ndani. Chakula kiliisha. Gazi ilitoka fasi moja na wakafunga upande mumoja wa parki. Mafundi wa mabomba ya maji walikuwa wamegoma kwa wiki, na walirudi kazi dakika ya mwisho. Walt alipashwa kuchagua: maji ya kunywa ao vyoo? Alichagua vyoo. Watu walilalamika juu ya kiu, wengine wakasema anataka tu kuuzisha soda. Lakini mwenye amekwisha kushika mutoto wa miaka mitatu mwenye anaomba choo sasa hivi atakubali kwamba alichagua vizuri. Na patro mwenye alikuwa amekasirikia mugomo wa wachoraji alijifunza tena ile siku kwamba bila fundi wa mabomba, hata ngome ya malkia inanuka.

Televizio ilionyesha yote moja kwa moja. Mumoja wa watangazaji alikuwa Ronald Reagan, mwenye alikuwa mbele mukubwa wa sendika ya waigizaji wa sinema, na kisha miaka alikuja kuwa rais wa Marekani.

Magazeti yalicheka. Lakini mu wiki saba parki ilipokea mutu wa milioni moja. Kuingia ilikuwa dola moja kwa mutu mukubwa na nusu dola kwa mutoto, na kila muchezo ulikuwa na tikete yake ya pembeni. Mufanyakazi wa kiwanda ku California aliweza kulipa mara moja kwa mwaka, kama mushaara yake ilikuwa mushaara ya watu. Hii haitoke ku fimbo ya uchawi ya mutu yeyote. Ile miaka, sendika za Marekani zilikuwa na nguvu kubwa, masaa ya kazi yalikuwa na mwisho, na watu wengi walikuwa na Jumamosi na siku ya Mungu. Parki ya Walt iliishi na ile feza na ile siku mbili. Wagomaji wenye alichukia njo walikuwa wanamutayarishia wageni wake.

Mwisho wa mutu

Walt aliweka nyumba ndogo ya kulala ndani ya parki, juu ya fasi ya wazima-moto, na mara nyingi alikuwa anatembea asubui mapema kuangalia kama rangi imetoka, kama taa imekufa. Mu 1964 alimaliza Mary Poppins, habari ya baba wa benki mwenye hana wakati wa watoto wake mpaka siku anafundishwa kurusha nao tiara. Mu 1965 alitangaza mupango wa parki ingine kubwa ku Florida, kwenye kampani ilinunua kwa siri hektari 11,000 karibu za mashamba na maji.

Hakuiona. Alivuta sigara maisha yake yote, na kansa ya mapafu ilimukamata. Alikufa ku Burbank, mu hospitali yenye kuangaliana na studio yake, tarehe 15 Desemba 1966, siku kumi kisha kutimiza miaka 65. Watu wanasemaka kwamba mwili wake uliwekwa mu barafu ungojee dawa. Ni uongo: ulichomwa siku mbili kisha. Roy, mwenye alikuwa anataka kupumuzika, aliendelea na kazi, akamaliza parki ya Florida, akaifungua mu Oktoba 1971, na alikufa mwezi wa kumi na mbili wa ile mwaka. Ile ya karibu na Paris, yenye ndugu zetu wa Ulaya wanatutumiaka picha zake, ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992.

Kiti moja ya mbao ya Griffith Park iliwekwa ndani ya Disneyland, watu wanaenda kuiangalia. Miye naona ile kiti inatuhusu kuliko ngome. Parki ya dola milioni 17 hatutaijenga mu muji wetu kesho. Lakini ku Lubumbashi kuko bustani ya wanyama, kuko viwanja, kuko maneji ndogo za kusukuma na mukono siku za sikukuu. Kitu chenye kinakosekana mara mingi ni baba. Baba iko ku poste. Anatoka usiku, anarudi watoto wamelala, Jumamosi wanamuita tena juu ya masaa ya kuongeza, na siku ya Mungu analala sawa jiwe. Sheria yetu ya kazi inasema masaa 45 kwa wiki. Madelege, wakati munakaa ku meza ya mapatano mwaka huu, pamoja na mushaara na dawa, musisahau kuuliza ile masaa inaishia siku gani. Na baba mwenye atapata Jumamosi yake, asibaki ku kiti na karanga na telefone. Apande naye farasi.